Mfinyanzi Katika Tarikhi ya Nyanda za Juu Kusini

Tarikhi ya Nyanda za Juu Kusini, kama inavyosomeshwa madarasani na kama inavyosimuliwa barazani, ni tarikhi ya mabwana. Msomaji huanza na Munyigumba aliyeziunganisha koo za Uhehe, akapita kwa mwanawe Mkwawa na ushindi wake juu ya Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akaiona ngome ya Kalenga ikianguka mwishoni mwa Oktoba 1894, akamfuata mtawala yule porini hata kifo chake cha Julai 1898, na akamalizia kwa fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwezi Juni 1954. Na akipenda kwenda magharibi zaidi, atawakuta akina Merere wa Usangu na ngome yao ya Utengule, wakipokonyana na Wahehe ng'ombe na mamlaka kwa muda wa miaka mingi. Yote hayo ni kweli, wala sina nia ya kuyapunguza hata chembe. Walakini mtu akiyasoma kwa makini hakosi kujiuliza: majemadari hawa na askari wao, walipotoka vitani na njaa zao, walikula chakula kilichopikwa ndani ya nini, na aliyekiumba chombo hicho alikuwa nani?

Swali hili lina sababu nyingine ya kuulizwa leo. Upo mchezo, uliotoka Marekani katika miaka ya 1970 na sasa umewafikia vijana wengi wa mijini, ambao wachezaji huketi mezani wakajifanya watu wa zama za kale: kila mmoja hubuni mhusika wake, akampa jina, ujuzi, mali na kasoro, kisha kwa kurusha dadu wakatungiana visa usiku kucha. Zama wanazoziiga ni zile za Ulaya ya ngome na wapanda farasi, zikatiwa majoka na uchawi, na aghalabu kila mchezaji hutaka kuwa shujaa, mchawi au mwana wa mfalme aliyepotea. Akitokea mmoja akataka kuwa fundi wa kike asiye na cheo, mfinyanzi tuseme, wenziwe humwona kama aliyechagua kukaa nje ya hekaya. Naye mwenyewe, kwa kuwa hana mfano wa kuutazama, humvika mhusika wake upole na subira, akadhani kazi imekwisha. Mimi sina ugomvi na mchezo huo. Naona tu kuwa anayemtafuta mwanamke huyo anamtafuta mbali mno, ilhali katika mikoa ya Mbeya na Iringa, ile ya zamani kabla haijazaa Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016, fundi huyo yupo, ana tarikhi ndefu kuliko ya nasaba yoyote ya watawala wa huko, na unyonge wake ulikuwa wa cheo tu, wala si wa kazi.

Mahali pa kuanzia ni Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, katika bonde la joto lenye chemchemi za chumvi. Ivuna ni mashuhuri kwa wataalamu wa mbingu kuliko kwa wanahistoria, kwa sababu tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko kimondo kidogo kisichotimiza kilo moja, ambacho kwa uhaba wa aina yake kimeandikiwa makala mengi kupita mji wowote wa mkoa ule. Na hii ndiyo bahati ya mambo ya dunia, kwamba jiwe lililofika jana kutoka juu hupewa heshima ambayo watu waliotoka jasho mahali palepale kwa karne nyingi hawakuipata. Katika miaka ya 1960 Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo, na taarifa yao ya mwaka 1968 ikadhihirisha kuwa watu walikuwa wakipika chumvi Ivuna tangu karne ya 13 hata ya 15, yaani katika zama zilezile ambazo Ulaya ilikuwa ikijenga makanisa yake makubwa na Kilwa ilikuwa katika kilele cha fahari yake. Ardhi ya pale imejaa majivu, takataka za upishi wa chumvi, na magae.

Magae hayo hayakuja kwa bahati. Njia ya kale ya kupata chumvi katika nchi hizi ni kutia udongo wa magadi katika chombo kilichotobolewa chini, kumimina maji juu yake, kukinga maji machungu yanayodondoka, na kuyachemsha mpaka yakauke. Na katika kuchemshwa huko chumvi hupenya katika vitundu vya chungu, ikaganda humo, ikavimba, na baada ya muda ikakipasua. Mpika chumvi, kwa hiyo, hula vyungu. Panapopikwa chumvi kwa miaka mia mbili lazima pawe na mikono inayofinyanga kwa miaka hiyohiyo bila kupumzika, na kwa kuwa ufinyanzi katika sehemu kubwa ya nyanda hizi umekuwa kazi ya wanawake tangu watu wanapokumbuka, sidhani kuwa ninapotoka nikisema kwamba nyuma ya kila kipande cha chumvi kilichopanda milimani kutoka Rukwa kulikuwa na mwanamke na bonge lake la udongo. Na jambo moja zaidi: nguo huoza, ngozi huliwa na mchwa, kikapu hakifiki hata miaka hamsini ardhini, chuma nacho hugeuka kutu, kigae hakiozi. Wataalamu wa mambo ya kale, wanapotaka kujua nani alikaa wapi na lini, hawaanzi na mkuki wa jemadari bali na mchoro uliokatwa kwa kijiti kwenye mdomo wa chungu. Yule ambaye hakuna mshairi aliyemtaja ndiye aliyeacha hati nyingi kuliko wote.

Lakini mfinyanzi wa Ivuna hatumjui sura. Anayejulikana zaidi, kwa kuwa kazi yake haijakoma hata leo, ni bibi wa Kikisi.

Wakisi hukaa kwenye ukingo wa kaskazini mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Ikombe jirani na Matema katika Kyela hata pande za Lupingu na Manda katika Ludewa. Atakayesimama Matema akatazama kusini ataelewa upesi kwa nini watu hawa wakawa mafundi. Uso wa ziwa uko mita 475 hivi juu ya bahari, na Milima ya Livingstone huinuka kutoka majini moja kwa moja mpaka kupita mita 2000, hata baina ya mlima na maji hapabaki ila vipande vyembamba vya mchanga na mawe vyenye nafasi ya nyumba chache na mihogo; barabara kwa muda mrefu ilikuwa ni ziwa lenyewe. Upande wa pili wa Matema hali ni kinyume kabisa. Huko ni tambarare ya Wanyakyusa, nchi ya migomba, maharage, ng'ombe wa maziwa, na baadaye mpunga, yenye rutuba ya volkano na mvua ipitayo milimita 2000 kwa mwaka. Walio na chakula hawakuwa na sababu ya kujichafua kwa udongo; wasio na shamba walikuwa na samaki na vyungu. Biashara baina yao haikuhitaji sultani wa kuiamuru wala askari wa kuilinda, maana njaa ya upande mmoja na haja ya upande wa pili zilitosha.

Kazi yenyewe na itazamwe kwa karibu, kwa kuwa ni hapa ambapo watungaji wa visa hujikwaa. Udongo hauchotwi popote. Ule wenye mchanga mwingi hauvutiki, na ule ulio laini kupita kiasi hupasuka ukikauka. Kwa hiyo fundi huupima kwa kuuviringisha baina ya vidole na kuukunja, akitazama kama utatoa ufa. Ukifika nyumbani hulowekwa, ukapondwa, ukatolewa mizizi na kokoto moja baada ya nyingine, kwa sababu jiwe dogo mithili ya punje ya ulezi, likisahauliwa ubavuni mwa chungu, litapanuka motoni kwa kadiri isiyolingana na udongo ulioko pembeni yake, nalo litarusha kipande na kuiharibu kazi ya siku mbili. Kisha bibi huketi chini, akaweka bonge lake juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, ambacho kwa mviringo wa tako lake huzunguka kwa wepesi. Mkono mmoja huzungusha, mwingine huuvuta udongo kwenda juu, vidole ndani na kiganja nje, mpaka ukuta usimame. Hana gurudumu wala mhimili, hana kipimo ila jicho, na hata hivyo vyungu vya Wakisi vimesifiwa tangu zamani kwa wembamba wao na kwa mviringo wao, sifa mbili ambazo kila aliyepata kujaribu anajua kuwa hupingana, kwani chombo kikubwa chenye ukuta mwembamba hutaka kulala ubavu kabla hakijakauka.

Halafu huwekwa kivulini. Kikishaanza kuwa kigumu hugeuzwa, tako likakwanguliwa ili lipate duara, na uso wote ukasuguliwa kwa jiwe laini la ufukweni mpaka ung'ae. Na kusugua huku si urembo mtupu, maana hukandamiza vitundu vya juu na kukifanya chombo kisinywe maji kwa pupa. Kinachobaki ni moto, na moto ndio mtihani. Vyungu hupangwa pamoja juu ya kuni, vikafunikwa nyasi na matete, vikawashwa mahali pa wazi bila tanuri, na kazi ya juma zima huhukumiwa kwa muda wa saa chache. Moto wa namna hii hufika nyuzi 600 mpaka 900 hivi, joto linalotosha kuugeuza udongo usirudi tena kuwa tope, lakini lisilotosha kuviziba vitundu vyake vyote. Mgeni anaweza kuiona hiyo ni kasoro. Mwenyeji anajua kuwa ndiyo siri ya mtungi, kwa maana maji hupenya kidogokidogo hata nje, yakakauka kwa upepo, na yakikauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Unyevu ukisalia katika ukuta wa chungu wakati wa kuchoma, hata kidogo, hugeuka mvuke na kukipasua kwa mlio. Na katika nchi ambayo mvua huanza Novemba na kudumu mpaka Mei, hili lina maana kwamba mfinyanzi ana mwaka wake mwenyewe, mfupi kuliko wa mkulima, ambamo Juni hata Oktoba ndiyo miezi ya riziki na iliyobaki ni ya kubahatisha.

Basi yeyote atakayembuni fundi wa namna hii, kwa riwaya au kwa mchezo, na amwekee hofu yake mahali pake. Asimtie hofu ya joka. Amtie hofu ya wingu la saa nane mchana siku ya kuchoma. Ampe mkono wa kulia wenye vidole vilivyokatika ngozi na mgongo unaouma, ampe shimo la udongo ambalo alionyeshwa na mama yake au shangazi yake na ambalo hawaonyeshi wote, ampe deni la samaki au la maharage alilokopa kabla ya mvua kwa ahadi ya vyungu vitakavyochomwa baada ya mvua. Nyumbani kwake asimwekee chungu kizima. Watu wa pwani wana methali isemayo mfinyanzi hulia gaeni, na wengi huichukua kuwa ni dhihaka au huzuni ya dunia, lakini mimi huiona ni hesabu ya tijara iliyo sawasawa: kizima ni bidhaa, chenye ufa hakina mnunuzi, na mtu mwenye akili hali mtaji wake. Ujuzi aliokuwa nao mwanamke huyu haukuwa mdogo kuliko wa mhunzi, na pengine ulimzidi, kwani mhunzi huweza kurudisha chuma kilichoharibika motoni, ilhali chungu kilichopasuka hakirudi kuwa udongo.

Hapo ndipo penye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari hii. Juu ya milima iliyo nyuma ya Wakisi wako Wakinga, mafundi wa chuma, na majembe yao yalishuka Unyakyusa kwa njia mbili: ya kwanza ni ya soko, na ya pili ni ya ibada. Mapokeo ya Wanyakyusa husema kuwa watawala wao walitoka Ukinga, wakaja na moto, ng'ombe na chuma. Na makuhani wa Kinga walikuwa wakishuka kwa taratibu maalumu mpaka Lubaga, karibu na Tukuyu, kwenye kiti cha mtawala mtakatifu Lwembe, wakichukua majembe kama sehemu ya ada. Chuma, kwa hiyo, kilikuwa na nasaba, kilikuwa na makuhani, kilikuwa na hadithi ya asili iliyokifungamanisha na utawala. Chungu hakikuwa na lolote katika hayo. Kilishuka mtumbwini, kikapewa bei, kikabandikwa mafigani. Na ijapokuwa jembe moja hudumu miaka na nyumba moja huvunja vyungu vingi katika muda uleule, ijapokuwa bila chungu moto ule uliotoka Ukinga usingepika hata kunde, hakuna kuhani aliyetumwa Ikombe kuchukua ada. Heshima katika jamii zetu za kale, na sidhani kuwa za wengine zilikuwa tofauti, haikugawanywa kwa kadiri ya manufaa. Iligawanywa kwa kadiri ya uhaba na kwa kadiri ya kuwa karibu na silaha. Kinachoweza kugeuzwa mkuki hupata kuhani.

Soko la vyungu ni la Lyulilo, karibu na Matema, na siku yake mashuhuri ni Jumamosi. Mitumbwi iliyochongwa kwa gogo moja hufika asubuhi kabla upepo wa ziwa haujachafuka, imepangwa vyungu mdomo juu ya tako na nyasi baina yake, hata mwenye kuitazama kwa mbali huona kilima chekundu kikielea. Mtu asiyezoea ziwa lile asidhani kuwa safari hiyo ni nyepesi, kwani kina chake katika sehemu za kati hufika mita 700 hivi, na upepo wa kusini ukivuma huinua mawimbi kama ya baharini. Hasara ya mawimbi hayo ilikuwa ya aliyefinyanga. Katika nchi nyingi za bara, kabla ya fedha kuenea, bei ya chungu ilikuwa ni kile kinachokijaza, nafaka au maharage, na kipimo hiki kina uadilifu wake: mnunuzi anayetaka kikubwa hutoa kingi, wala hapana haja ya mizani. Wanunuzi wakubwa walikuwa Wanyakyusa, ambao licha ya vyungu vya kupikia walihitaji vikubwa vya kimpumu, pombe yao ya ulezi, na pombe ilikuwa ni jambo la ukarimu na heshima katika vijiji vyao, ambavyo kwa ajabu iliyowashangaza wageni vilipangwa kwa marika na si kwa ukoo.

Na hapa naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo, maana mtunzi wa visa atapata faida. Miongoni mwa Wanyakyusa mke alipaswa kumwepuka kabisa baba mkwe wake: asimtazame, asikutane naye njiani, asilitaje jina lake, na hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo ayakwepe na kutafuta mengine. Mnunuzi wa kike aliyekuja sokoni, kwa hiyo, alitembea akiwa amesikiliza mbele, tayari kuingia migombani akisikia sauti ya mzee huyo. Na katika kuulizana bei huenda akazunguka neno moja kwa maneno matatu. Kisa kizima cha usiku mmoja kinaweza kujengwa juu ya jambo hilo, pasipo upanga kuchomolewa.

Wazungu waliingia kwa ziwa. Mwaka 1891 Alexander Merensky wa misheni ya Berlin na Theodor Meyer wa Wamoravian walifika kaskazini mwa Nyasa na kujenga vituo vyao, na baada yao serikali ya Kijerumani ikaweka boma lake kwanza ukingoni mwa ziwa, Langenburg ya zamani, katika nchi ya Wakisi hasa, kabla ya kulihamishia juu Tukuyu kwenye baridi. Daktari Friedrich Fülleborn, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma kilichotoka mwaka 1906, aliyaangalia maisha ya watu hawa kwa jicho la mkusanyaji. Na vyombo vingi vya nchi hizi vikaishia katika makabati ya majumba ya makumbusho ya Ujerumani, vikiandikwa kabila na mahali. Jina la aliyefinyanga halikuandikwa. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938 na ambao vitabu vyao ni hazina isiyo na kifani, waliyaweka mbele mambo ya marika, ibada na utawala, na Wakisi wamo humo kama majirani wanaouza vyungu. Siwalaumu, kila mtaalamu hufuata swali lake. Nasema tu kuwa mwanamke huyu ametazamwa mara nyingi na kuulizwa mara chache, mpaka alipotokea Simon Waane katika miaka ya 1970 akaandika makala yenye kuwashughulikia wafinyanzi wa Ikombe wenyewe.

Mambo mawili ya karne ya 20 yangeweza kuiua kazi hii, nayo hayakuiua. La kwanza ni kuondoka kwa wanaume. Dhahabu ya Lupa, iliyosababisha mji wa Mbeya kuanzishwa mwaka 1927, pamoja na migodi ya Rhodesia na Afrika Kusini, iliwachukua vijana kwa maelfu kutoka nyanda hizi. Na walipoondoka, wake na mama zao waliobaki walikuwa na haja ya fedha ya kodi na ya nguo kuliko wakati mwingine wowote. Aliyekuwa na udongo alikuwa na kitu cha kuuza. La pili ni debe na sufuria. Debe la mafuta ya taa lilishinda mtungi katika kuchota maji, kwa sababu halivunjiki mtoto akijikwaa nalo. Sufuria ikashinda chungu katika kupika kwa haraka na kwa kuni chache. Kisha ikaja plastiki ikamaliza palipobaki. Hata hivyo maharage yaliyochemshwa polepole katika chungu hayakupata mpinzani kwa ladha, pombe ya kienyeji iliendelea kukidai chombo chake, na mtungi wa maji ya baridi ulibaki na hoja yake ileile ya vitundu kwa wote wasio na umeme. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipotiwa lami, na reli ya TAZARA ilipokamilika katikati ya miaka ya 1970, soko lilinyooka badala ya kufa, na vyungu vya Ikombe vikaanza kuonekana kandokando ya barabara na katika masoko ya mbali ambako hakuna aliyeijua Lyulilo.

Upande wa Iringa hirfa iliyosimama badala ya udongo ni ususi wa milulu, nyasi ndefu za mabondeni ambazo wanawake hukata, hukausha na kusuka vikapu vyenye umbo la kupendeza na uimara wa kuchukua mahindi. Hii nayo ni kazi ambayo tarikhi ya Mkwawa haiitaji, ijapokuwa akiba ya nafaka ya Kalenga haikukaa hewani. Kwa kuwa kikapu huoza, msusi wa Iringa hana Ivuna yake. Tarikhi yake iko mikononi tu, mama kwa binti, na ndiyo maana nalipokea kwa furaha lolote linaloitia thamani. Mwaka 2003 ilianzishwa mjini Iringa karakana ya Neema Crafts chini ya Kanisa Anglikana, ikawafundisha watu wenye ulemavu, viziwi wengi miongoni mwao, kazi za mikono za namna nyingi, na kwa kufanya hivyo ikathibitisha kuwa ufundi huweza kumpa cheo mtu ambaye jamii ilikuwa imemnyima.

Lakini kwa mfinyanzi bei bado ni mas'ala. Mchuuzi anayepakia vyungu Matema kwenda Mbeya anajua kuwa njiani baadhi vitavunjika, na hasara hiyo huitia katika hesabu yake kabla hajatoa shilingi ya kwanza, kwa kumpa mfinyanzi bei ya chini. Kwa hiyo kila chungu kinachopasuka kwa matuta ya barabara kimekwisha kulipwa na aliyekifinyanga. Zamani wimbi likimpokonya mali aliliona kwa macho. Siku hizi hasara hutokea mbali naye, ndani ya lori asilolipanda, nayo humfikia Jumamosi ifuatayo katika umbo la shilingi chache zilizopungua, na akiuliza sababu huambiwa kuwa ndivyo soko lilivyo.